Fundi wa kuruka kwenye barafu unamtambuaje? Naomba kujuzwa

Sarakasi_Chikongola

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, nafundisha vijana sarakasi. Siku hizi baada ya mazoezi tunaangalia klipu za wanaoteleza na kuruka kwenye barafu: Ilia Malinin, Yuzuru Hanyu, Nathan Chen, Midori Ito, Surya Bonaly. Vijana wanahesabu mizunguko tu, na ubishi unaanzia hapo, maana kwa macho yetu miruko yote ni ile ile: mtu anarudi kinyumenyume, anaruka, anazunguka, anatua. Mtangazaji anasema hii Lutz, hii flipu, hii Salchow, alama zinapishana mno, sisi tunabaki kutazamana. Nitazame nini ili niitofautishe? Na kati ya hawa fundi hasa ni nani, kwa sababu gani? Mkiwa na majina ya kuongeza nitashukuru.

Binti_Mikindani

Kaka, acha kwanza kuutazama mwili ulio hewani. Huko juu kweli wote wanafanana: mikono kifuani, miguu imepishana, kichwa kimetulia. Tazama mguu ulio chini nusu sekunde kabla ya kuruka. Jina la mruko linatoka hapo.

Chuma cha kiatu kina unene wa kama milimita 4, na upande wa chini kimechongwa mfereji mwembamba katikati, kwa hiyo kinabaki na makali mawili: ya nje, upande wa kidole kidogo, na ya ndani, upande wa kidole gumba. Mtelezaji hasimami wima juu yake. Analala upande kama dereva wa bodaboda anavyoilaza pikipiki kwenye kona, na njia yake inapinda kuelekea kule anakolalia. Ncha ya mbele ya chuma ina meno. Baadhi ya miruko inaanzishwa kwa kuchomeka meno hayo kwenye barafu, mingine kwa makali peke yake.

Sasa mchukue mtu anayezunguka kinyume cha saa, ndio walio wengi. Mruko wowote ule kati ya ile sita yenye majina (Axel, Salchow, lupu, tolupu, flipu na Lutz), atatua kwa mguu wa kulia, kinyumenyume, makali ya nje. Tofauti ni kuondoka. Akiondoka uso ukielekea mbele, usihangaike, hiyo ni Axel. Ni hiyo peke yake, na ndiyo maana ina nusu mzunguko wa ziada, yaani Axel ya mara tatu ni mizunguko mitatu na nusu. Akiondoka kinyumenyume kwa kushoto, makali ya ndani, mguu wa kulia ukazungushwa kuja mbele bila meno kugusa chini, ni Salchow. Akiwa kwenye mguu wa kulia, makali ya nje, bila meno, kama mtu anayejiinua kutoka kwenye kigoda kifupi, ni lupu. Mguu huo huo na makali hayo hayo, ila meno ya kushoto yamechomekwa nyuma, ni tolupu. Tolupu ndiyo yenye thamani ndogo, na utaiona sana ikiunganishwa na mruko mwingine kwa kuwa mtu akishatua tayari amesimama pale inapoanzia.

Flipu na Lutz ndizo zinazogombanisha watu. Zote ni mguu wa kushoto chini, meno ya kulia nyuma. Flipu ni makali ya ndani, Lutz ni ya nje. Ugumu wa Lutz ni kwamba yale makali ya nje yanakupeleka kwenye mkunjo wa upande mmoja, nawe unatakiwa uzunguke upande wa pili. Kwa hiyo utamwona mtu anakuja kutoka mbali, mstari mrefu kuelekea kona, amegeuza shingo begani. Wengi hawaivumilii ile sekunde ya mwisho: kifundo cha kushoto kinaangukia ndani, Lutz inageuka kuwa flipu, na waamuzi wanaikata kwa kosa la makali. Simamisha klipu pale meno ya kulia yanapozama tu, kisha kitazame kifundo cha kushoto kimelalia wapi. Ukizoea jambo hilo moja, nusu ya ubishi wenu umekwisha.

Jina la kuongeza: Yuna Kim wa Korea Kusini, Olimpiki ya Vancouver 2010. Lutz ya mara tatu ikifuatiwa na tolupu ya mara tatu. Kifundo hakiyumbi, na anatoka kwenye mruko wa pili bado ana kasi.

Mwl_Newala

Niongezee upande wa hewani, vijana wa sarakasi wataupata haraka.

Mtu akishaiacha barafu hawezi kujiongezea mzunguko. Ni kama pia ya kuchezea watoto: nguvu yote ameipata kwenye kamba, yaani wakati chuma bado kinashika barafu. Anachoweza kufanya huko juu ni kujibana ili azunguke haraka, na kujifungua ili apunguze. Muda nao una hesabu yake. Akikaa hewani sekunde 0.6 amepanda kama sentimita 44. Akikaa sekunde 0.7 amepanda kama sentimita 60. Sehemu moja ya kumi ya sekunde inamgharimu sentimita 16! Ndiyo maana mizunguko minne ni shughuli nzito kiasi kile: lazima upande sana, ama ubane mapema na kwa nguvu, na kwa Axel ya mara nne unavihitaji vyote viwili.

Mnaweza kupima wenyewe. Klipu ya fremu 30 kwa sekunde, hesabuni kuanzia chuma kinapoachana na barafu hadi kinapogusa. Fremu 20 ni sekunde 0.67. Kama hamna kompyuta, kwenye simu wekeni spidi ya 0.25, inatosha. Angalieni pia anabana lini. Akichelewa fremu tatu tu, anaweza kukosa robo mzunguko, na robo hiyo ndiyo mpaka wa waamuzi. Dalili ni chuma kugusa kikiwa bado kimekaa kando, kisha kumalizia kugeuka juu ya barafu huku kinarusha unga mweupe. Kosa lingine ni mhimili: bega moja limeshuka wakati wa kuondoka, mwili wote umeinama kama mnazi wa pwani, na hapo hata miguu iwe imara namna gani hatatua.

Kwa urefu wa kuruka, mwonyesheni Midori Ito. Olimpiki ya Calgary 1988 alitua miruko saba ya mara tatu kwenye programu ndefu (onyesho refu la mtelezaji) na bado akamaliza wa 5, kwa sababu siku zile alama za kuchora maumbo kwenye barafu zilikuwa na uzito mkubwa. Mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza kutua Axel ya mara tatu kwenye mashindano, na 1992 kule Albertville wa kwanza kuitua kwenye Olimpiki.

Lindi_Kwetu

Mwalimu, shikamoo. Mimi nizungumzie alama, maana mleta mada ameuliza kwa nini zinapishana.

Kwa jedwali la msimu wa 2024/25, Lutz ya mara nne ina thamani ya 11.5, Axel ya mara nne 12.5, Lutz ya mara tatu 5.9. Juu ya hapo waamuzi wanaongeza au kupunguza ngazi tano kwa ubora, kila ngazi ni asilimia 10 ya thamani. Akianguka anapata -5, yaani nusu inaondoka, na inakatwa pointi 1 nyingine. Kwa hiyo Lutz ya mara nne iliyoangukiwa inabaki 4.75, chini ya ya mara tatu iliyotua safi. Kama tena ilipungukiwa zaidi ya robo mzunguko, thamani inaanzia asilimia 80, unabaki na 3.6. Kijana anayesema "lakini amezunguka mara nne!" mwonyesheni hesabu hii.

Kuhusu fundi, naona mnawapimia mizani moja watu wa aina mbili. Malinin ndiye wa kwanza kutua Axel ya mara nne kwenye mashindano, Septemba 2022 huko Lake Placid, akiwa na miaka 17. Kwenye ubingwa wa dunia wa 2024, Montreal, aliweka miruko sita ya mara nne ndani ya dakika nne na kupata 227.79 kwa programu ndefu. Kumbuka mizunguko mitatu ilitua kwanza 1952, Dick Button huko Oslo, na minne ikatambuliwa 1988, Kurt Browning huko Budapest. Kila ngazi imechukua kama kizazi kizima.

Hanyu, bingwa wa Olimpiki 2014 na 2018, uhodari wake uko kwenye kuingia. Wengine wanajipanga mita nyingi kabla ya Axel, wamenyamaza, unaona kabisa kwamba mruko unakuja. Yeye anatoka kwenye mgeuko wa mguu mmoja na kuondoka papo hapo, bila nafasi ya kusahihisha kosa, na akitua anaendelea na hatua nyingine kabla kasi haijaisha. Kwangu mimi hilo ni gumu kuliko kuongeza mzunguko. Axel yake ya mara nne huko Beijing 2022 ilipungua na akaanguka, na bado aliondoka sawasawa kabisa. Chen yuko katikati yao: 2018 alijaribu miruko sita ya mara nne kwenye programu moja, na 2022 akachukua dhahabu ya Olimpiki.

Sarakasi_Chikongola

Nashukuru sana, mwalimu na wenzangu. Tumekaa na klipu moja ya Lutz leo, kifundo kimeonekana. Limebaki la Bonaly. Vijana wanasema kuruka kinyumenyume kichwa chini, kama wanavyofanya pale ufukweni, ni kitu kidogo. Kwa nini dunia inamsifu hivyo?

Binti_Mikindani

Kwa sababu ya mguu, kaka. Terry Kubicka aliufanya mruko huo kwenye Olimpiki ya 1976, akatua kwa miguu miwili, kisha ukapigwa marufuku. Bonaly, aliyetokea kwenye jimnastiki, aliufanya Nagano 1998 akijua ataadhibiwa, na akatua kwa mguu mmoja. Kwenye mchanga kijana wako anatua kwa nyayo zote mbili, magoti yanakunja, mchanga unameza kishindo, anasimama. Kwenye barafu hakuna kusimama: lazima kishindo kigeuke kuwa mtelezo. Uzito ukija mbele kidogo tu, meno yanakamata barafu na mtu anapigwa chini. Ukibaki nyuma, chuma kinakimbia mbele na kisogo ndicho kinachopokea. Yeye alipaswa kupata sehemu sahihi ya chuma, mguu mmoja, na kuondoka akiteleza kinyumenyume.

Adam Siao Him Fa wa Ufaransa aliurudisha kwenye ubingwa wa Ulaya wa Januari 2024, akakatwa pointi 2 na bado akashinda. Mwaka huo huo shirikisho la kimataifa likaondoa marufuku. Bonaly alimaliza wa 10 kule Nagano. Wawekee vijana klipu yake kwa spidi ya 0.25, wasiangalie kichwa kinavyogeuka, waangalie ule mguu wa pili ambao haugusi barafu.