Msaada: rangi ya kanga inavuka hadi usoni

Fundi Picha Moro: Wakuu habari za jioni. Nina kastudio Morogoro. Mteja kaniletea picha nyeusi na nyeupe ya marehemu mama yake kajitanda kanga, anataka niipake rangi. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta. Kila nikipaka kanga, brashi inavuka hadi kidevuni. Arobaini ni Jumamosi. Nifanyeje isiguse uso?

Brashi Nene: Bonyeza Shift+Q. Picha nzima itafunikwa wekundu; penye wekundu brashi haigusi. Paka nyeupe juu ya kanga tu, kisha Shift+Q tena. Fungua leya mpya, yaani tabaka linalokaa juu ya picha, iweke kwenye modi ya rangi, upake humo. Mikunjo ya kitambaa haitapotea.

Mjukuu wa Sita: Mimi nilipaka picha ya babu, meno yakatoka kijani. Shangazi hajanisemesha hadi leo 😂

Abuu S.: Arobaini ni dua na sadaka, ndugu zangu. Mapicha ya nini?

Brashi Nene: Fundi, sasa hivi unapaka kwenye leya ipi?

Fundi Picha Moro: Hiyo hiyo moja.

Brashi Nene: Na skani ya mwanzo unayo?

Fundi Picha Moro: Ngoja niseme ukweli. Nilipaka juu ya picha yenyewe, nikahifadhi juu ya JPG ile ile, nikafunga programu. Karatasi alishaondoka nayo. Lakini kanga imetulia, bluu ya bahari, kimebaki kidevu tu. Nikikisafisha taratibu nitamaliza. Kuanza upya ni siku mbili, na nusu ya hela nimeshaipokea.

Kijiwe Namba 9: Chai hii. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, ukihifadhi GIMP inakupa XCF tu, faili la GIMP lenyewe. JPG ya watu umeiharibuje?

Mjukuu wa Sita: Chai na tangawizi juu.

Fundi Picha Moro: Sitanii na picha ya marehemu. Menyu ya Faili ina amri ya kuandika juu ya faili ulilofungua. Niliibofya saa sita usiku nimechoka.

Brashi Nene: Amri hiyo ipo kweli. Mwacheni.

Bi Mkubwa wa Pwani: Mwanangu, hiyo kanga ina jina gani?

Fundi Picha Moro: Haina maandishi, mama. Mapambo madogo madogo yamejirudia mji mzima, ile sehemu ya katikati ya kanga.

Bi Mkubwa wa Pwani: Isije ikawa kisutu. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, anajitanda bibi harusi. Bluu umeitoa wapi?

Fundi Picha Moro: Mteja hakutaja rangi. Niliona bluu itapendeza.

Bi Mkubwa wa Pwani: Mpigie umuulize, baba. Usimbadilishie mtu harusi yake.

Fundi Picha Moro: Nimempigia. Ni kisutu, ni siku ya ndoa ya mama yake. Karatasi iko kwa dada yake Pangani, inakuja na basi la kesho. Nimemwambia yote, hakunigombeza, kanyamaza tu.

Brashi Nene: Ikifika skani upya. Nakala moja weka kwenye flashi usiiguse kabisa, nyingine ihifadhi XCF ndipo uanze.

Fundi Picha Moro: Sawa mkuu. Nyeusi na nyeupe ya kisutu nayo niipake?

Brashi Nene: Hapana. Hizo picha inazo tayari. Paka nyekundu tu.