Nimekwama kwenye mikwaju 105: nilipe mwalimu wa gofu au ninunue draiva nyingine?

Mhasibu wa Salasala:

Wakuu salaam. Naomba ushauri kwa wanaocheza gofu. Wasiocheza naomba wapite kimyakimya, maana najua mtaniambia nikafuge kuku.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Gofu niliingia kwa sababu ya wateja, ila sasa imenikolea, hata wateja wasipokuja nakwenda. Nacheza uwanja wa Lugalo, hapa Dar, kwa sababu ni njia yangu ya nyumbani, Gymkhana naenda nikialikwa. Natumia mkono wa kulia. Siku nzuri narudi na mikwaju 103, siku mbaya 112, na hapo katikati ndipo ninapoishi tangu mwaka jana.

Tatizo langu kubwa ni mpira wa kwanza. Unaondoka vizuri, wenzangu wanaanza kusema "huo mzuri huo", halafu unakata kona kulia kama bajaji iliyoona trafiki. Nimejaribu kulenga kushoto zaidi ili ukikata urudi katikati. Ndiyo kwanza unazidi.

Kuna jamaa ana draiva (ile fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza) ya mtumba, nzuri kwa kweli, anasema itaninyooshea mpira. Na kuna mwalimu watu wanamsifu. Pesa niliyonayo ni ya kimoja kati ya hivyo viwili. Swali langu ni hili: mtu wa miaka 43, ambaye hawezi kuwa mchezaji wa kulipwa hata akiota, masomo yanambadilishia kitu kweli au ni kumnenepesha mwalimu?

Kijogoo wa Tegeta:

Kumnenepesha mwalimu. Mkuu, gofu ni mazoezi tu. Mmarekani Bubba Watson kashinda Masters, moja ya mashindano makubwa manne ya gofu duniani, mara mbili na hajawahi kulipia somo hata moja. Video zimejaa YouTube, bando linakutosha ukiangalia kwa akili. Chukua draiva.

Kedi Mstaafu:

Bosi Mhasibu, draiva iache kwanza.

Nimekuwa kedi, nabeba mifuko ya fimbo za watu, tangu nilipomaliza kidato cha nne, siku hizi nacheza mwenyewe kwa handikapu 9 (ile namba ya kiwango, ikiwa ndogo ndiyo unacheza vizuri). Kedi haangalii gofu kama mchezaji. Mchezaji anaangalia mpira ulikokwenda. Kedi anamwangalia mtu, kwa sababu akishamjua mtu wake anajua aanze kutembea upande gani. Wewe sijakuona, lakini kwa hayo uliyoandika ningekuwa nimeshaanza kutembea kulia kabla hujapiga.

Tuanze na hilo la kulenga kushoto, maana ndilo linalokumaliza. Mpira unaanza safari karibu kabisa na kule uso wa fimbo unakotazama pale unapougusa. Kona inatokana na tofauti kati ya uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Kwa mtu wa mkono wa kulia, uso ukitazama kulia kuliko njia, mpira unajizungusha kwenda kulia. Sasa wewe umefanya nini? Miguu umeipeleka kushoto, mabega kushoto, kwa hiyo fimbo nayo inatoka nje na kukatiza kuja upande wako. Lakini moyoni bado unataka mpira uende kwenye bendera, na mikono inakutii, inauacha uso ukitazama huko. Tofauti imekua. Ukilenga kushoto hatua moja zaidi, unajiongezea kona. Ungeweza kucheza hivyo miaka kumi na kila Jumamosi ukaamini umejirekebisha, kwa sababu ukiwa umesimama pale macho yako yanakwambia uko sawa. Kinyozi hajinyoi, bosi.

Mwalimu anayejua kazi atalaza fito mbili chini, moja ikielekea unakolenga, nyingine mbele ya vidole vya miguu. Nimeshuhudia wazee wenye heshima zao wakibishana na fito. "Hii mmeiweka upande!" Haijawekwa upande, ni wewe.

Halafu atauangalia mkono wako wa kushoto. Jaribu hata sasa hivi: shika fimbo kama unayetaka kupiga, tazama chini, hesabu vifundo vya vidole unavyoviona kwenye mkono huo. Ukiona kimoja tu, mkono umezungukia mno upande wa kushoto, na ukipiga uso utafunguka wenyewe, utazame kulia. Wengi wanatakiwa waone viwili hadi vitatu. Na fimbo ikae kwenye vidole, isikae katikati ya kiganja. Ni jambo dogo kulisema, lakini ukilibadilisha utahisi umeazimwa mikono ya mtu mwingine, na bila mtu wa kukusimamia utarudi ulikotoka mpira wa tatu tu.

Sasa Kijogoo. Bubba ni kweli, 2012 na 2014. Lakini huyo alikulia Bagdad, Florida, akipiga vipira vya plastiki kuizunguka nyumba yao tangu mtoto mdogo. Mhasibu anafunga hesabu za mwezi. Hana huo utoto tena. Na ukinitajia Bubba mimi nitakutajia Jack Nicklaus, mataji makubwa 18, aliyekuwa akirudi kwa Jack Grout, mwalimu wake tangu akiwa na miaka kumi, msimu ukianza, waanze upya na namna ya kushika na kusimama. Kama Nicklaus alihitaji jicho la mtu, sisi wa Lugalo tuna nini?

Video sizikatai. Shida ya video ni kwamba inamjibu mtu asiyekuwepo. Unaangalia dawa ya ugonjwa ambao huna uhakika kama ni wako.

Ila nikwambie na upande wa pili, usije ukanitukana baadaye. Ukianza masomo, mchezo unaweza kushuka kwanza. Tiger Woods alishinda Masters 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12, halafu akakaa na mwalimu wake Butch Harmon wakaivunja swingi, namna yake ya kuzungusha fimbo, na kuijenga upya. 1998 alishinda shindano moja tu la PGA Tour, ligi kuu ya wachezaji wa kulipwa Marekani, watu wakasema kaisha. 1999 akashinda manane. Sasa mtu wetu anachukua somo Alhamisi, Jumamosi anaingia kwenye mashindano na dau juu, anarudi na 115, na Jumatatu anamtangaza mwalimu mtaa mzima kuwa tapeli. Nimewabeba wengi wa namna hiyo. Kama unaanza, waambie wenzako mwezi huu huchezei hata soda.

Handikapu nayo isikutishe. Tangu mfumo wa dunia uanze 2020 inatokana na raundi zako 8 bora kati ya 20 za mwisho, kwa hiyo kadi mbovu mbili tatu haziiharibu hivyo.

Mama Pacha wa Upanga:

Kaka Mhasibu, Kedi amekwambia yote ya draiva, lakini nyie wanaume mkikaa mnaongea draiva tu. Mikwaju 105 haitoki yote kwenye draiva.

Mimi nilipoanza masomo mwalimu aliniomba kitu kimoja: kadi ya raundi tatu, na pembeni ya kila shimo niandike nimetumia puti ngapi, yaani mipigo ya kuviringisha mpira kwenda shimoni. Uwanja wa pari 72, yaani mikwaju 72 inayotarajiwa kwa mashimo 18, hesabu yake inakupa puti 36, mbili kwa kila shimo. Mimi nilikuwa napita 40 bila kujijua, kwa sababu puti haiumizi. Ukipoteza mpira porini unakumbuka wiki nzima, ukiputi mara tatu unasema "aah" unaenda shimo linalofuata.

Kwa hiyo masomo yetu mengi tulifanyia kwenye grini, zile nyasi fupi zenye shimo, na pembeni yake. Tatizo langu lilikuwa puti ya kwanza ya mbali, naiacha nusu ya njia au naipitiliza. Akaniambia nisiangalie shimo kabisa, niangalie umbali tu, nipige mipira mitatu mitatu kutoka hatua tano, kumi, kumi na tano, na niseme kwa mdomo kama umefika au umepungua kabla sijainua kichwa. Nilijiona kichaa nikiongea peke yangu pale. Lakini mkono ulijifunza.

Jambo la pili lilikuwa la kuchipi, ule mpigo mfupi wa pembeni ya grini. Nilikuwa natumia weji ya mchanga, fimbo ya kuupaisha mpira, kila mahali, hata kama hakuna kitu mbele yangu ila nyasi fupi. Mpira unapaa juu na unaanguka popote. Akanipa fimbo namba 8, nipige kama naputi tu: mpira unaruka kidogo, unatua kwenye grini, unajikimbilia wenyewe. Ukikosea kidogo nayo, hukosei sana. Kwa mtu wa mikwaju 105 hilo ni kubwa kuliko mita ishirini za draiva.

Kuhusu pesa: tafuta wenzako wawili mchukue somo pamoja, waulize kama wanaruhusu. Sisi tulikuwa watatu, na nilijifunza zaidi nikimwangalia mwenzangu akirekebishwa kuliko nilipokuwa narekebishwa mimi.

Halafu ukialikwa Gymkhana kipindi cha kusi, jua kwamba pale bahari iko jirani. Upepo wa mbele unaikuza hiyo kona yako. Usije ukaamini swingi imeharibika upya.

Kijogoo wa Tegeta:

Sawa, nimewasikia. Nicklaus kanifunga mdomo. Lakini semeni ukweli, walimu wengine nao ni maneno tu.

Kedi Mstaafu:

Hapo uko sahihi. Kuna mmoja, simtaji na wala hayupo tena mjini, nilikuwa nawaokotea mipira wanafunzi wake. Ndani ya saa moja alikuwa anampa mtu mambo saba: kiwiko, goti, kichwa, kiuno, pumzi. Mwanafunzi anasimama kwenye mpira anatetemeka, hajui aanze na lipi. Ukiona hivyo, maliza saa yako, lipa, usirudi.

Mzuri utamjua kwa maswali. Atauliza unacheza mara ngapi, mgongo unauma, unataka nini. Atakuacha upige mipira kadhaa bila kusema neno. Halafu atachagua kitu kimoja, na ukitoka pale unaweza kumweleza mkeo kwa sentensi moja ulichofundishwa. Usipoweza kukieleza, hujafundishwa bado.

Mhasibu wa Salasala:

Asanteni sana, hasa Kedi na dada wa Upanga. Nimehesabu vifundo. Ni kimoja, tena cha kutafuta.

Na jana nimefanya ya Mama Pacha, nimeandika kila kitu pembeni ya kadi. Puti 41. Mipira iliyopotea mitano, yote kulia, na kila mmoja nimerudi kupiga tena nikihesabu wa tatu, maana wa pili ni adhabu. Zile dakika tatu tunazoruhusiwa kutafuta mpira zinaisha hata jasho halijakauka. Wahasibu tunapenda namba lakini hizi zimeniudhi.

Draiva nimemwambia jamaa aniwie radhi. Nimeweka somo Jumatano saa kumi na moja jioni, na mwenzangu mmoja wa ofisini amekubali tuchangie. Swali la mwisho: kati ya somo na somo nifanye nini? Siku za kazi natoka bandarini usiku. Renji, kule kwa mazoezi ya kupiga mipira, siwezi kwenda zaidi ya mara moja kwa wiki.

Kedi Mstaafu:

Hiyo mara moja inatosha kama nyumbani unafanya kitu. Masomo mengi yanafia hapo katikati, mtu analipa saa ya mwalimu halafu fimbo zinalala kwenye buti ya gari mpaka somo lijalo.

Fimbo moja iwe sebuleni. Taarifa ya habari ikianza, ishike kama ulivyofundishwa, iachie, ishike tena. Usizungushe, utavunja taa na mama watoto atanilaumu mimi. Mkono unazoea kwa kushika. Mpira hauhitajiki.

Ukienda renji, usipige ndoo nzima kwa hasira. Mipira thelathini na fimbo namba 9, nusu swingi, mikono isipite mabega, fito zikiwa chini. Draiva iguse mwishoni kabisa. Mwombe mtu akurekodi kwa simu akiwa nyuma yako, simu iwe kwenye usawa wa mikono yako na itazame kule unakolenga. Ikikaa pembeni kidogo tu picha inadanganya, unaona kosa ambalo halipo. Mtumie mwalimu video hiyo, asiyejali hatajibu, na hapo utakuwa umemjua.

Jumatano usimwambie unataka kupiga mbali, wote wanasema hivyo. Mpe ile kadi yenye 41 na mipira mitano. Na kama unatokea bandarini toka mapema, foleni ya Mwenge saa hizo unaijua. Ukifika unahema na tai shingoni, robo saa ya kwanza ya mwalimu mtalipia kupumua.