Kwale: hesabu ya makabila ichapishwe kaunti kwa kaunti, au iachwe ilivyo?

Mchokozi wa Kinango

Tuanze na sheria, matusi yatakuja yenyewe. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasiotoka kabila lenye watu wengi katika kaunti. Sawa. Hapa Kwale, pwani ya Kenya, kabila hilo ni lipi?

Ukisema ni Mijikenda, Mdigo na Mduruma wanaingia kapu moja, na ile asilimia 30 wanabaki kuigombania Wakamba wa Shimba Hills, Wasegeju, Wavumba, Wamakonde, Wapemba na waliokuja na kazi za hoteli kule Diani. Ukisema ni Wadigo peke yao, basi kila Mduruma anayeajiriwa anahesabiwa miongoni mwa "wale wengine", na fungu linajaa bila Mmakonde hata mmoja kupewa ufagio wa ofisi. Sheria ni ile ile, watu ni wale wale, majibu mawili. Anayechagua jibu ni yule yule anayeajiri.

Sensa ya 2019 ilitukuta watu 866,820, kutoka 649,931 mwaka 2009. Kila mtu aliulizwa kabila lake. Lakini jedwali la makabila lililochapishwa ni la nchi nzima: Mijikenda 2,488,691, kwisha. Dini kwa kaunti utaiona. Vyoo utaviona, redio utaziona, hata kuku. Kabila kwa kaunti halimo. Kwa hiyo mwanasiasa akisimama pale uwanjani akasema "sisi ni asilimia kadhaa na wao ni kadhaa", hiyo asilimia ameitoa mfukoni mwake.

Msimamo wangu: sensa ya 2029 ichapishe makabila mpaka ngazi ya wadi, Mdigo aonekane Mdigo na Mduruma Mduruma. Anayepinga anieleze ile asilimia 30 tutaipima kwa nini.

Mama Shimba

Kaka, mimi napinga, na sababu yangu ni Agosti 1997. Wewe huenda ulikuwa mdogo. Kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, kisha vurugu zikashuka huku upande wa kusini. Watu walioitwa wabara walichomewa nyumba, wengine wakauawa, wengine wakapanda mabasi na hawakurudi tena. Wazazi wangu walipewa shamba kwenye skimu ya Shimba Hills, mimi nimezaliwa hapa, muhogo wangu uko hapa, na mwaka ule nilijua mara moja kwamba mimi ni "mtu wa bara".

Sasa unataka serikali ichapishe karatasi inayosema wadi fulani ina Wakamba kadhaa. Hiyo karatasi utaisoma wewe ukitafuta haki ya ajira. Mwingine ataisoma akitafuta kitu kingine kabisa.

Mchokozi wa Kinango

Mama, heshima yako. Lakini wale wa 1997 hawakuwa na jedwali lolote. Walijua nyumba moja moja. Jirani ndiye aliyekuwa sensa.

Mama Shimba

Ndiyo, na wewe unataka sasa hata asiye jirani ajue.

Karani 2019

Nilikuwa karani wa sensa, usiku ule wa Agosti 24 na siku zilizofuata, na vile vitableti vyetu. Wacha niwaambie hizo namba zinapatikanaje kabla hamjaanza kuzipigania.

Nyumba moja upande wa Ramisi. Baba Mdigo, mama Mmakonde, watoto wanne. Maelekezo yetu yalikuwa mtu aandikwe anavyojitaja, na nafasi ni moja tu, hakuna nusu. Baba akajibu kwa niaba ya wote: "Andika Wadigo." Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, mbuzi wa kukunia ukanyamaza ghafla. "Mimi huniandiki Mdigo," akasema, bila kutoka. Wakaanza. Mimi nikakaa na kitableti changu kama mshenga aliyekuja siku mbaya. Mwisho mama akaandikwa Mmakonde, watoto watatu Wadigo, na yule mkubwa, aliyeshafikia umri wa kipande, yaani kitambulisho, akasema yeye afuate mama. Baba akamtazama tu.

Hiyo nyumba moja imetoa Wadigo wanne na Wamakonde wawili. Kwa mila ya Kidigo ya zamani, ya kufuata ukoo wa mama, wale watoto wangekuwa wa kwa mama. Kwa baba wanafuata baba. Kisha niende nyumba ya pili.

Na kuna jingine halisemwi. Zamani Wamakonde waliokosa kipande, baadhi yao walikipata kwa kujiandikisha Wadigo. Wale hawakubadilika wote siku Wamakonde walipotambuliwa kuwa kabila la Kenya. Idadi ya Wadigo ina watu wa kila namna ndani.

Mzee wa Vanga

Haya mambo si mapya. Mkoloni alipopanga watu wa pwani, aliyeandikwa Mwarabu alikuwa na haki zake na aliyeandikwa mwenyeji alikuwa na zake, kodi mbalimbali. Kule Mombasa watu wa Thenashara Taifa, yaani yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili, walihangaika miaka wasiwekwe fungu la wenyeji. Na Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwapa hati walioweza kudai mashamba kwa njia aliyoitaka Mwingereza. Wamijikenda wengi wakabaki maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Hilo jina Mijikenda lenyewe limeshika miaka ya 1940, kabla ya hapo waliitwa Wanyika na hawakulipenda, kwa haki. Mimi ni Mvumba. Katika orodha zenu sijui mtanitia wapi, na umri huu sijali.

Kijana wa Ukunda

Mnapigania asilimia 30 ya kazi ambazo hazijatangazwa. Tangazo likitoka niamsheni.

Jirani wa Horohoro

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Sisi Wadigo wa Mkinga, Tanzania, ni ndugu zenu wa damu, tunaoana na kuzikana. Huku sensa iliuliza kabila mara ya mwisho 1967. Tangu hapo tunahesabiwa watu tu, na hatujafa. Kwa nini nanyi msilifute hilo swali?

Mchokozi wa Kinango

Ndugu yangu, huko hakuna sheria ya asilimia. Huku ipo, na ipo nyingine ya 2008, ya uwiano na utangamano, inayosema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Uzifute sheria kwanza, ndipo ufute swali. Ukifuta swali ukaacha sheria, umempa bosi kalamu na ukamficha rula. Tume ya Uwiano ilipokagua ajira za kaunti 2016 iliona kaunti nyingi zimevunja kifungu cha 65.

Karani 2019

Na msisahau serikali yenyewe inaogopa hizi namba. Za 1999 za makabila hazikutolewa. Za 2009 zilitolewa, lakini waziri akafuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini akisema watu wameongezeka kupita uzazi unavyoruhusu.

Mjukuu wa Mkonge

Sijaona Mmakonde akiongea, nyote mnamsemea. Babu yangu alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, wengine walikuja kwenye miwa ya Ramisi. Tulizaliwa hapa, tukazikana hapa, bila kipande. Huna kipande huna simu kwa jina lako, huna akaunti, askari akikusimamisha jioni unatoa hamsini, unatoa mia. Oktoba 2016 watu wetu walishika njia kwa miguu kutoka Kwale mpaka Nairobi kumwona rais. Mwaka uliofuata tukapewa vipande na kuitwa kabila la 43. Wapemba wakafuata 2023.

Kwa hiyo kuandikwa tunakujua kuliko nyinyi. Sensa ya 2019 tumo kwa jina letu. Lakini hesabu ya wadi siitaki, si kwa sababu ya Mama Shimba. Sisi ni wachache. Siku namba yetu ya wadi itakapochapishwa, MCA, yule mjumbe wa wadi katika bunge la kaunti, ataichukua na kusema: nyinyi ni kaya kadhaa tu, basari moja ya karo yawatosha. Mwenye wingi ndiye anayefaidi jedwali. Mchokozi, wewe ni Mduruma, si ndiyo?

Mchokozi wa Kinango

Ndiyo, na sijaficha. Hesabu ikitenganishwa Mduruma atakuwa mkubwa Kinango na mdogo Msambweni, najua hilo. Lakini hoja yako ya basari naikubali nusu. Wachache wasipohesabiwa hupewa sifuri, wakihesabiwa hupewa moja.

Basi tuanzie penye uzito zaidi. Bodi ya ajira ya kaunti tayari inatakiwa kupeleka ripoti kila mwaka kwenye bunge la kaunti. Iandike mambo mawili: walioajiriwa mwaka huo ni wa makabila gani, na "kabila lenye wengi" wamelihesabu kwa njia gani, Mijikenda au Mdigo peke yake. Hiyo haihitaji kuchapisha wadi ya mtu.

Mama Shimba

Hiyo naunga mkono. Ya wadi bado hapana.

Mjukuu wa Mkonge

Mimi pia. Na wataje tuliojitokeza kuomba, si walioajiriwa tu, maana kwenye walioajiriwa hamtatukuta.

Karani 2019

Na mtoto wa nyumba ya Ramisi mtamwandika wapi?

Mchokozi wa Kinango

Anapojitaja. Barua kwa bodi naiandika wiki hii, nakala kwa karani wa bunge la kaunti. Anayetaka jina lake liwemo aniambie kabla ya Ijumaa.