Chembe nyekundu inabeba oksijeni lakini haiitumii?

Kiu_ya_Biolojia:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Mwalimu katuambia chembe nyekundu za damu hazitumii oksijeni kupata nguvu, wakati kazi yake ni kuibeba kutwa kucha. Sasa zinaishije? Na mapafu, yanayoshinda na hewa, nayo yanatumia glukosi (sukari ya damu) bila oksijeni hivyohivyo?

Koti_Jeupe:
Mwalimu wako yuko sahihi. Chembe nyekundu ikikomaa hutupa kiini na mitokondria (vijinu vya kuzalisha nguvu ndani ya seli), ibaki na nafasi ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Bila mitokondria haina pa kuchomea glukosi kwa oksijeni, basi inaivunja nusunusu: kila molekuli moja ya glukosi inabakiza faida ya ATP 2 (ATP ni molekuli zinazobeba nguvu ya seli), na mabaki yanatoka kama asidi ya laktiki, ambayo ini huigeuza kuwa glukosi tena. ATP 2 ni kiduchu, ila matumizi yenyewe si makubwa. Nyingi inaendesha pampu zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Pampu zikilala, chembe inavimba na kupasuka. Na insulini haingojwi, glukosi inaingia tu.

Mimi niko maabara, haya nayaona kila siku. Damu isipotenganishwa, ikakaa kichupani kwenye joto la kawaida, glukosi hushuka kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa. Chembe zinaendelea kula! Kwa mwenye saratani ya damu, chembe nyeupe zikizidi mno, sukari inaweza kusomeka chini kabisa ilhali mwenyewe hana hata jasho la kushukiwa sukari. Ndiyo maana nagombana na wanaochota damu, wakaenda kunywa chai kwanza, ndipo wailete. Wala msijifiche nyuma ya kichupa cha kifuniko cha kijivu, kile cha kupimia sukari: floridi iliyomo, dawa ya kuzuia chembe zisile glukosi, huchukua saa moja au zaidi kabla ya kusimamisha ulaji huo sawasawa.

Pumzi_Tele:
Niongezee mapafu. Seli zake zina mitokondria na oksijeni zinaitumia. Ila sehemu kubwa ya glukosi huishia kuwa laktiki, pamoja na hewa yote ile. Tena glukosi si ya nguvu peke yake: seli za aina ya pili kwenye vifuko vya hewa huitumia kutengeneza mafuta ya safaktanti, utando wa ndani ya vifuko hivyo, yanayozuia vifuko visinywee ukitoa pumzi.

Kiu_ya_Biolojia:
Ahsanteni. Na chembe nyeupe, nazo hazina mitokondria?

Koti_Jeupe:
Zinazo. Ila nyutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zina chache, hutegemea zaidi kuvunja glukosi bila oksijeni. Inazifaa, maana ndani ya jipu zinakopigana oksijeni huwa haba.