Chumba cha wageni na begi la kilo 7: vitu gani vinaleta utulivu?

Begi_Moja
Wakuu habarini. Safari ni ya siku 12, vyumba vinne, begi la mkononi lisizidi kilo 7. Sitafuti anasa. Tatizo ni ule ugeni wa chumba: taa nyeupe kali ya darini, mto unaonuka sabuni ya watu, jioni isiyo na la kufanya ila kukodolea simu. Kipi kinastahili kubebwa na kipi ni mzigo tu? Mishumaa nimeshaitoa, kengele ya moshi haina utani.

Taa_Chini
Anza na taa, mkuu. Chumba kinafanana na ofisi kwa sababu mbili: rangi ya mwanga na mahali unapotokea. Mwanga wa njano tulivu ni Kelvin 2,700 hivi, ule mweupe wa kuumiza macho ni kuanzia 4,000. Balbu ya watu huwezi kubadilisha, ila mahali unaweza. Zima ya darini, chukua ya mezani uiweke sakafuni au kwenye kiti, uso wake uelekee ukutani, ikae kama shubiri moja kutoka ukutani. Mwanga ukigonga ukuta hurudi laini. Usiifunike kanga wala taulo. Balbu za zamani huunguza kitambaa, na hata LED hupata moto kwenye shingo.

Hakuna taa ya mezani? Beba taa ya kichwa. Ifunge kwenye chupa ya maji iliyojaa, balbu itazame ndani. Chupa nzima itawaka kama kandili. Chupa yenye ukungu kidogo inafanya kazi hii vizuri kuliko iliyo angavu.

Asubuhi adui ni pengo la pazia. Kabatini tafuta henga ya suruali yenye vibanio viwili, bana pazia katikati. Gharama sifuri, uzito sifuri.

Wati300
Jioni isiyo na kikombe cha moto si jioni. Kwa kilo 7, birika la umeme ni kubwa mno. Beba hita ndogo ya koili na kikombe cha chuma. Hita ya wati 300 inachemsha robo lita kwa dakika 5 hivi, nusu lita kwa 10. Utaratibu: tumbukiza koili majini KWANZA, ndipo uchomeke ukutani. Ukimaliza, chomoa, hesabu hadi 15, ndipo uitoe majini. Ukigeuza mpangilio huo koili inaungua, au inaunguza meza ya watu.

Makosa mengi yako kwenye volti. Adapta hubadilisha umbo la plagi, haibadilishi umeme. Hita ya volti 230 ukiipeleka kwenye volti 120, nguvu inashuka hadi karibu robo: ile ya wati 300 inakuwa kama wati 80, maji yatapata uvuguvugu na uvumilivu wako utaisha. Kinyume chake ni hatari: ya 120 kwenye 230 inavuta karibu mara nne ya nguvu yake, na haidumu. Nunua yenye swichi ya volti mbili, na ukague swichi kila unapovuka mpaka. Soma pia kanuni za chumba, sehemu nyingine hita hizi ni marufuku. Hapo omba maji ya moto mapokezi ukiwa na chupa ya chai ya mililita 350. Izungushie maji ya moto dakika 2, mwaga, ndipo ujaze. Ifike tupu kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege.

Ukiwa juu milimani, tuseme mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Majani yaache yakae dakika 5 badala ya 3.

Foronya
Naongeza kitanda. Beba foronya yako, mto wa watu utoshe. Mambo mawili ambayo wengi hukosea: wanaifua kabla ya safari, na wanabeba nyeupe. Chukua uliyoilalia siku mbili tatu, uifunge kwenye mfuko wa zipu mbali na viatu. Harufu yake ndiyo unayoibeba. Na iwe ya rangi, la sivyo itaondoka na shuka za hoteli na hutaiona tena.

Sabuni nayo beba ileile ya nyumbani, robo kipande. Ikate na uiache ikauke siku nzima kabla ya kufunga, vinginevyo inakuwa uji.

Kuoga: maji ya nyuzi 40 hadi 42, dakika 10, saa moja au mbili kabla ya kulala. Damu inakimbilia mikononi na miguuni, joto la ndani linashuka, usingizi unakuja. Ukitoka bafuni moja kwa moja kitandani utajigeuza tu.

Ratiba_Nyepesi
Yote sawa, ila vyumba vinne kwa siku 12 ndiyo kasoro yenyewe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Brown wa 2016 ulionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni, nusu ya kushoto ya ubongo hulala kijuujuu, kama mlinzi aliyebaki zamu. Kila chumba kipya kinakurudishia usiku wa kwanza. Fanya vitatu. Usiku huo wa kwanza usiupangie kuamka alfajiri, na viziba masikio viwe tayari: visokote viwe vyembamba, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, shikilia sekunde 30. Wanaosema havifanyi kazi huwa wanaachia mapema.

Mchana, rudi benchi lilelile saa ileile siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza unaona mahali, ya tatu unaanza kuona watu. Na kwenye treni inayokwenda kaskazini asubuhi, kaa kushoto. Jua liko kulia. Alasiri geuza.

Begi_Moja
Shukrani wakuu, chumba kimoja nimekifuta. Swali dogo: miguu ikipata baridi, chupa ya maji ya dukani nikiijaza maji ya moto inafaa?

Foronya
Hapana. Plastiki ile hulainika kwenye nyuzi 70 hivi, inajikunja na kuvuja ndani ya shuka. Chupa ya chai nayo haisaidii, imeundwa kuzuia joto lisitoke. Unataka chupa ya chuma yenye ukuta mmoja. Jaza, funga, ipindue juu ya sinki uone kama inavuja, ivalishe soksi nene, iweke miguuni dakika 20 kabla ya kulala. Mwenye ganzi ya miguu aitoe kabla ya kupanda kitandani, anaweza kuungua asijue.

Wati300
Na asubuhi maji hayo bado ni vuguvugu, nawia uso.