Uyoga mweupe uani, Buswelu: ni wa kichuguu au?

BintiWaLushoto
Wakuu, habari za jioni. Mimi mzaliwa wa Lushoto, hapa Mwanza nina mwaka wa pili. Kwetu nilikuwa namfuata bibi msituni. Uyoga wa kula tuliujua kwa mti uliouotea, na njia ya kurudi tuliishika kwa zile ndevu za likeni (kuvu na mwani vinavyoishi pamoja) zinazoning'inia matawini. Huku likeni ni mabaka ya kijivu tu kwenye miamba, na ule ujuzi wa bibi umebaki Usambara.

Leo baada ya mvua nyasi za uani zimeota uyoga kwa duara. Mweupe, kofia kama sahani, katikati ina magamba ya kahawia, shina lina pete inayoteleza juu na chini. Jirani anasema ni wa mchwa. Nimejaza beseni. Nipike?

MzeeWaMagu
Binti, subiri. Ulipoung'oa ulikuwa na mzizi? Wa kichuguu huwa tunauchimbua na kijiti, maana mzizi unashuka mpaka nyumbani kwa mchwa. Wao ndio wanaoulima huko chini. Na kofia ina ncha katikati. Kuna ule mdogomdogo usio na mzizi huo, lakini unatapakaa kama mchele uliomwagika, si sahani. Huo wako hata kuku nisingempa.

Kapeto
Chemsha na kitunguu swaumu. Kikiwa cheusi, sumu. Rahisi.

Mpimaji_Nyegezi
Kapeto kaka, hiyo futa. Uyoga unaoua ini haubadilishi kitunguu, moto hauumalizi nguvu, na kutapika kunaanza baada ya saa 6 mpaka 12 au zaidi, mtu ameshalala akijua kapona.

Dada, kata shina, laza kofia kifudifudi kwenye karatasi nyeupe, funika na bakuli mpaka asubuhi. Wa mchwa huacha unga wa waridi iliyofifia. Upo mwingine wa kwenye nyasi, Chlorophyllum molybdites, unga wake kijani. Huo kuua ni nadra, ila ndani ya saa chache hutatoka chooni.

BintiWaLushoto
Mzee shikamoo, na asanteni. Nimefunua bakuli sasa hivi. Karatasi ina mistari kama miale, kijani kilichopauka, rangi ya mlenda wa unga kabisa. Jana chini ya kofia kulikuwa kweupe!

Beseni nimelifukia lote. Nimempelekea jirani karatasi, kaitazama weee, kisha akasema jana jioni alimpa shemeji yake wa Igoma mfuko mzima. Anapiga simu.

Mpimaji_Nyegezi
Kama wamekula waende hospitali, na mabaki wabebe yaonekane.

BintiWaLushoto
Hawajapika. Mkaa uliwaishia.

MzeeWaMagu
Marahaba binti. Mvua ijayo njoo Magu nikuonyeshe kichuguu chenyewe. Uje na kijiti.