Kengele ya tatu iko wapi? Wameturushia TANGAZO LA GODORO kwenye Mageuzo!

TaaYaSakristia:
Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Jina la kituo cha TV kinachorusha Misa silitaji, mnakijua, hakuna nyumba ya Mkatoliki isiyokijua. Misa ya leo asubuhi, tumefika Mageuzo, pale mkate na divai vinapogeuka Mwili na Damu ya Kristo, padre ameinua Hostia, kengele ya kwanza imelia, ya pili imelia, ya tatu... GODORO! Jamaa anarukaruka juu ya godoro la inchi nane, muziki unapiga mpaka vikombe vinatikisika kabatini! Bibi zetu wamepiga magoti sakafuni wakajikuta wanalisujudia godoro!

Sekunde 30 za godoro, 30 za sabuni, 30 za mabati. Tunarudishwa kanisani, kalisi, kikombe cha divai, imeshainuliwa na kushushwa, watu wanaimba fumbo la imani. Kengele ya tatu hatujaisikia mpaka sasa hivi!

Na msituletee habari za mitambo. Ratiba ilisema Misa saa 1:00 mpaka 2:30. Jumapili yenye ubatizo haiishi kwa saa moja na nusu, hata mtoto wa Komunyo ya Kwanza anajua. Mashine ya kurushia vipindi haijui Misa: ukilifunga tangazo saa 2:28, ikifika 2:28 inakata, awe anahubiri askofu au nani. Kipindi cha moja kwa moja kinawekwa kisubiri mkono wa fundi, naye anabonyeza baada ya "Nendeni na amani". Kitufe kimoja! Godoro kwenye Mageuzo jamani!

MwanaUtume:
Sasa wewe mwenye miguu mizima ulikuwa unafanya nini sebuleni Jumapili saa 2? Misa ya TV ni ya wagonjwa na wazee. Nenda parokiani, kengele zote tatu utazikuta.

TaaYaSakristia:
Hao wagonjwa ndio waliotupiwa godoro! Mtu hainuki kitandani, kanisa lake ni kile kioo. Santa Klara wa Assisi alikuwa hoi kitandani usiku wa Krismasi, akaiona ibada ukutani, ndiyo maana Papa Pius XII alimfanya msimamizi wa televisheni. Yeye hakukatiwa tangazo la mabati!

KeboNdefu:
Mleta uzi kasema kweli ila kaishia nusu. Kitufe bila mtu ni bure. Kanisani lazima akae mtu anayeijua Misa, ana mawasiliano na chumba cha kurushia. "Mtakatifu" ikianza kuimbwa anawaambia, na hakuna kugusa chochote mpaka Baba Yetu. Na hilo si wazo langu. Sacrosanctum Concilium, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, namba 20, ya 4 Desemba 1963, inataka ibada zirushwe kwa busara na heshima, chini ya mtu anayefaa aliyewekwa na maaskofu, hasa ikiwa ni Misa. Sasa leo pale alikaa nani?

BesiYaPili:
Godoro lilikuwa sekunde 30. Sauti mbovu tunayo kila Jumapili! Wanatoa sauti kwenye mikseri ya kanisa, ambayo ina nguvu, wanaichomeka kwenye tundu la kamera lililoachwa kwenye kiwango cha maiki. Lazima ipasuke! Padre anasoma Injili kama anakaanga dagaa. Swichi iko palepale pembeni ya tundu, unaisogeza kutoka maiki kwenda laini, yaani kiwango cha sauti yenye nguvu, unashusha kidogo, basi. Halafu maiki ya altare inaachwa wazi wakati kwaya inaimba, tunasikia kwaya mara mbili, moja ya kweli na nyingine ya pangoni.

TaaYaSakristia:
Sawa sauti, lakini turudi kwenye godoro. Kengele ya TATU!

DadaWaMaua:
Na sura za mapadre mbona hamsemi? Kasula, lile vazi la juu la padre, nyeupe, kitambaa cha altare cheupe, kamera imeachwa ijipimie mwanga yenyewe. Ikiona weupe wote ule inapunguza mwanga, uso wa padre unakuwa kivuli chenye miwani. Pima mwanga usoni kabla ya maandamano ya kuingia, ufunge hapo, kitambaa kikizidi weupe kidogo kwenye picha si neno.

MwanaUtume:
Dada, maua yenu yenyewe yanaziba kalisi. Kamera ya katikati wiki nzima inatuonyesha majani ya mkindu.

DadaWaMaua:
Maua yanawekwa mbele chini, si juu ya altare! Anayeweka tripodi (miguu mitatu ya kamera) fupi katikati ya kanisa ndiye mwenye kosa. Waipandishe ngazi ya kwaya.

KeboNdefu:
Ngazi ya kwaya inatikisika kwaya ikianza kucheza, picha inaruka.

BesiYaPili:
Kwaya tusiguswe. Gusa mpiga kinanda anayepapasa vinoti Sala ya Ekaristi ikiendelea. Mwongozo wa Misale, kitabu cha Misa, namba 32 unasema padre akitamka sala zake vyombo vyote vinyamaze.

MpigaKinanda_G:
Tunajaza ukimya, padre asikauke.

BesiYaPili:
Ukimya haujazwi!!

MzeeWaAntena:
Samahani wakuu, huku kwetu tangu juzi king'amuzi kinaandika hakuna mawimbi. Antena nimeigeuza pande zote. Nitafute upya chaneli au ni kebo?

KeboNdefu:
Mzee, anza na kichwa cha kebo. Kifungue, uangalie ule waya mwembamba wa katikati, ukiwa na kutu ya kijani kata sentimita mbili, funga upya, ndipo utafute chaneli.